Taa za Tela na Mdomo Wangu kwa Maganga

Jumamosi, masika ya 1957

Mvua imepumzika tangu asubuhi, ila mimi sina raha.

Ee shajara, leo nimeupata ugonjwa wa lile tela. Nimeupata, na sijui nicheke au nilie.

Mwezi mzima taa zake za nyuma zimenichezea. Ni tela la zamani, linabeba marobota ya mkonge kutoka hapa Maramba hadi bandarini Tanga tangu kabla sijaajiriwa. Ukiwasha taa, zinafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Dereva akikanyaga breki, zinazimika kabisa. Nimebadilisha balbu, nimebadilisha nyaya, nimekagua fyuzi. Wapi!

Asubuhi hii nikachukua waya mrefu, ncha moja nikaigusisha kwenye chuma cha lori, nyingine kwenye kikombe cha taa. Taa ikawaka pwaa! Basi nikajua umeme unafika, ila hauna njia ya kurudi. Nikalala matopeni chini ya tela, nikafungua bolti inayoshika waya wa kurudishia umeme kwenye chasisi. Chini yake nikakuta rangi nyekundu, nene, ile ya kuzuia kutu.

Niliipaka mimi.

Kabla ya masika niliufungua waya ule, nikapaka chuma chote kwa madaha, kisha nikaufunga juu ya rangi, nayo rangi haipitishi umeme. Kosa la mwanagenzi, na mimi fundi wa miaka kumi na miwili! Nimekwangua kwa kisu, nimefunga upya, taa zote zimewaka. Kazi ya robo saa.

Na Maganga yuko kwenye mkonge wiki ya tatu sasa.

Maganga ndiye aliyekuwa dereva wa lori hilo. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, kwa hiyo ni watani, na utani wetu haukuwa na likizo. Akiniona ananiita mtumwa wake, ananiuliza nitakufa lini apate kula ubwabwa wa matanga. Mimi nami simbakishii. Siku polisi walipomsimamisha njiani kwa kukosa taa za nyuma, meneja wa shamba alituita wote wawili, akauliza nani kachezea nyaya. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikadakia: "Nani tena, bwana? Si huyu Mnyamwezi! Kakata waya akafungie mizinga ya nyuki ya babu yake."

Maganga alicheka hadi akashika mbavu. Meneja hakucheka. Mgiriki yule anajua Kiswahili cha kuamrisha, utani haujui. Akamwambia Maganga aache funguo mezani, kesho yake aende kwa mnyapara wa wakata mkonge.

Nilipaswa kusema palepale. Neno moja tu: bwana, nilikuwa namtania. Sikulisema.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Niliogopa. Kama si dereva aliyeharibu, angeulizwa fundi. Nikajidanganya kwamba nitayasawazisha nikishaupata ubovu wenyewe. Watu husema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Mchana nimemfuata kambini. Nimemkuta mlangoni kwake anachomoa miiba ya mkonge viganjani. Nikamweleza yote, rangi, bolti, na woga wangu. Halafu, mjinga mimi, nikamchokoza kama tulivyozoea: "Haya mtumwa wangu, nitukane basi, leo una haki."

Akainuka, akafuta mikono kwenye kaptula, akanisogezea kiti.

"Nashukuru kwa kunijulisha, bwana fundi," akasema. "Karibu ukae."

Bwana fundi! Miaka saba hajapata kuniita hivyo. Nimekaa kama mgeni wa kiserikali, nimekunywa maji yake, nimeaga.

Jumatatu, kabla kengele ya kazi haijalia, nitakuwa mlangoni kwa meneja nimwambie aliyeharibu ni mimi. Akitaka kunipa kisu cha mkonge, na anipe. Huenda Maganga akarudishiwa usukani wake. Lakini mimi, mtani wangu nitamwomba nani anirudishie?