Chumba cha Kioo Nyuma ya Ukumbi

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima, na ule mguu wa kukanyagia cherehani umepoa kidogo. Sisi huku wazima wa kiasi. Chonjo alikuwa na mafua, yamepita, amebakiza kikohozi cha kudeka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ya jirani yako tunapigiana kelele tu, wewe "eeh?" mimi "eeh?" mpaka salio linaisha hatujasemezana.

Nimepata kazi, Mama. Ile ya kufulia watu nimeiacha. Chuo kikuu cha hapa kina kituo cha sanaa chenye ukumbi mkubwa, na kila msimu wanaleta wasanii wa kila namna: kwaya, wacheza dansi, waigizaji, hata mtu na piano yake. Nyuma kabisa, juu ya viti vya mwisho, kuna chumba ambacho ukuta wake wa mbele ni kioo kitupu. Ni cha wazazi wenye watoto wadogo. Mtoto akianza kulia mzazi anapanda naye humo, anaendelea kuona jukwaa, na watu wa chini hawasikii kitu. Mimi ndiye mtunzaji wa chumba hicho. Nafagia, napanga mito, nafuta alama za vidole kwenye kioo, nashika mtoto wa mtu mama yake akienda msalani. Kubwa zaidi, wameniruhusu kwenda na wangu. Meneja wa ukumbi alisema, "Chumba ni cha watoto, huyu wako ana kosa gani?"

Tatizo ni spika. Ilipaswa kutuletea sauti ya jukwaani, imekufa, na fundi kila siku ni wa kesho. Juzi wanafunzi wa kwaya walifungua msimu. Tuliona midomo inafunguka safu kwa safu, mabega yanapanda na kushuka, na kimya. Ikabidi nimwimbie Chonjo za kwangu.

Kuhusu ulivyoniambia nimlete akae kwako mpaka Baba Chonjo arudi: nimekusikia, na nimeshukuru. Lakini mtoto atabaki na mimi. Usinielewe vibaya.

Wewe amekuandikia? Mimi tangu aende kuendesha greda kwenye hiyo barabara mpya, barua zilikuja, zikapungua, zikakatika.

Mkweo,
Mama Chonjo


20 Februari

Mama Chonjo,

Marahaba mwanangu. Barua imefika. Mimi mzima, mguu ni ule ule, hauongezi wala haupunguzi. Mwambie mke mwenzangu Chonjo kwamba kikohozi cha kudeka nakifahamu sana, baba yake alikuwa nacho mpaka ndevu zinaota.

Habari ya kazi nimeisoma nikacheka, kisha nikaacha. Yaani mjukuu wangu anawekwa nyuma ya kioo kama mkate wa dukani? Anatazama watu wanapanua midomo bila sauti? Huyo ataongea lini? Hapa kwangu kuna kitanda, kuna ua wa kukimbilia, kuna vipande vya vitambaa vya kuchezea tele. Nashona sare za shule tangu asubuhi, na nyumba nzima kinachoongea ni cherehani. Nikiisimamisha nasikia mpaka maji yanavyodondoka kwa jirani.

Wewe bado kijana. Una kazi, una safari ndefu mbele. Mtoto ni damu yetu, hatapotea kitu huku. Fikiria vizuri, usinijibu kwa hasira.

Baba yake ni mzima. Ana kazi nyingi. Usimchoshe akili.

Bibi yake Chonjo


16 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi tupo, kikohozi kimekwisha, jino la pembeni limetoka na usingizi umetoka nalo. Naandika nimeegemea ukuta ili nikisinzia nisianguke.

Umesema baba yake ni mzima. Nimefurahi. Ila hukusema umejuaje, na mimi nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ilivyo ndefu.

Msimu unaendelea. Walikuja wacheza dansi, wembamba kama nyuzi, wakirushana na kudakana. Kila wakirushana Chonjo anashika nywele zangu. Kisha ikaja tamthilia, watu wanne mezani wanagombana kuanzia pazia linafunguka. Kwa vile hatusikii, nikawapa maneno. Huyu mwenye koti nikamfanya anadai ufunguo wa kabati, yule dada nikamfanya anajibu, "Kabati lenyewe nililinunua mimi!" Wazazi wenzangu chumbani wakacheka mpaka mmoja akaniuliza, "Dada, ndivyo wanavyosema kweli?" Nikamwambia sijui, nimewapa ugomvi ninaoujua.

Aliyenikaa moyoni ni mpiga piano. Jukwaa lote lile, taa moja, mtu mmoja, tena ametugeuzia ubavu. Mikono inakimbia na mimi sisikii. Nikajikuta nasema, jamani, mtu huyu akimaliza anarudi kwa nani?

Lakini ninachotaka kukwambia hasa ni hiki. Onyesho likiisha watu wanatoka wawili wawili, wanne wanne, wanaulizana, "Uliona pale? Uliona alivyoanguka?" Mimi sina wa kuniuliza niliona au sikuona. Ndiyo maana barua zangu ni ndefu.

Mtoto simtoi, Mama. Narudia kwa heshima. Ila Jumamosi ya tarehe ishirini mwezi ujao, mchana, kuna onyesho la vikaragosi kwa ajili ya watoto, na kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta ndugu mmoja. Ndugu wa kuleta sina zaidi yako. Njoo umwone. Kumwona, Mama, na kurudi.

Mkweo,
Mama Chonjo


2 Aprili

Mama Chonjo,

Marahaba. Nakuja. Nitafika asubuhi na kurudi jioni ile ile, usijisumbue kupika makubwa.

Nguo zake zote zikusanye uziweke kwenye mfuko mmoja, hata za baridi. Nataka kuzikagua zipi za kuachia pindo. Watoto wanakua, nyie wa siku hizi mnawavalisha tu mpaka vitovu vinachungulia.

Bibi yake Chonjo


29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ni adabu, si kwamba moyo umetulia. Mtoto hajambo.

Nayaandika yale ya Jumamosi kama nilivyoyaona mimi, kwa sababu uliondoka hatujazungumza, na sitaki kila mmoja wetu abaki na ya kwake.

Ulifika ukiwa umependeza. Ukakaa naye kwenye mto wa mbele, pua zenu zote mbili kwenye kioo. Kikaragosi cha mbuzi kilipoanguka chini ya meza mlicheka pamoja, na sikukumbuka mara ya mwisho nilipofurahi namna ile. Wakati wa mapumziko mtoto wa mtu akatapika kwenye mito, nikaenda kutafuta ndoo. Niliporudi hampo. Mfuko wa nguo ulizoniambia nikusanye, uliokuwa umeuweka kando yako, nao haupo.

Mlinzi wa getini akaniambia, "Bibi na mjukuu? Wameshika njia ya stendi, mtoto mgongoni." Nikakimbia na aproni yangu ya kazi. Watu wakanipisha wakidhani nimeibiwa.

Nilikukuta umekaa kwenye benchi. Mfuko mapajani, tiketi mkononi, Chonjo mgongoni macho kodo. Kondakta akawa ananilalamikia mimi: "Mwambie mama yako aamue! La kwanza limemwacha, na hili linaondoka. Kila nikimwita ananijibu ngoja." Nikamchukua mtoto. Hukunizuia. Nikakuita mwizi mbele ya umati. Neno hilo nalirudisha, halikupaswa kutoka kwangu kwenda kwako. Mengine niliyosema siyarudishi.

Ndipo ukasema, tena taratibu kama mtu anayesoma bei: "Hatarudi. Ana mke kule, na mtoto wa kiume. Aliniambia tangu mwaka jana." Ukapanda basi. Ukakaa dirisha la upande wa pili, hukugeuka.

Nilirudi kazini, ningekwenda wapi? Wazazi walikuwa wameshuka kupiga picha na vikaragosi. Nikafunga mlango wa chumba cha kioo nikalia kwa sauti niliyokuwa siijui kama ninayo. Chini yangu mfagizi alikuwa anapita kati ya viti, hakuinua hata kichwa.

Tangu mwaka jana, Mama. Ulikuwa unanisoma namwulizia, na unanijibu "ana kazi nyingi".

Nina swali moja tu. Kwa nini hukupanda basi la kwanza?

Mama Chonjo


14 Mei

Mama Chonjo,

Marahaba.

Mtoto alikuwa amelala mgongoni, basi lilipopiga honi akaamka. Nikangoja alie. Nilijua akilia nitambembeleza, atanyamaza, na mambo yatakuwa yameanza. Hakulia. Aligeuza shingo akawa anakutafuta kwa macho kule tulikotoka, kimya kimya, hana wasiwasi, kama anayejua unakuja. Nikasema basi, lijalo. Lijalo likaja, bado anatazama huko huko.

Mwanangu aliniomba nisikwambie, nami sikupinga sana. Nilijua ukijua utaolewa kwingine, hilo ni haki yako, na mjukuu utaondoka naye, nami nitakuwa wa kusikia habari zake kwa wapita njia. Nilikuwa namshika kabla hamjaondoka. Ndiyo hivyo.

Sasa umejua. Mtu anakuwa mkwe kwa ajili ya mume, na mume hayupo. Huna wajibu wa kuniandikia. Usijilazimishe.

Fundi cherehani


25 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Fundi wa spika amekuja hatimaye. Nilikuwa naisubiri siku hiyo, ilipofika sikuipenda. Alikuwapo mchekeshaji, na ghafla chumba kikajaa sauti yake na vicheko vya ukumbi mzima. Chonjo akaziba masikio akajificha chini ya aproni yangu. Mtu yule alikuwa anawasema mama wakwe, watu wanapiga mapaja. Nikapunguza sauti mpaka mwisho. Mzazi mmoja akanuna, "Dada, tulikuwa tunasikiliza." Nikamwambia spika bado inasumbua.

Hii ni barua ya kukujulia hali tu. Mguu?

Mama Chonjo


18 Julai

Mama,

Shikamoo. Ya Juni hukuijibu, labda ilipotea. Mtoto hajambo.

Mama Chonjo


7 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijui kama mzima, naomba uwe mzima. Nimemwuliza jirani yako kwa simu, kasema cherehani anaisikia. Basi nikashukuru.

Msimu umekwisha. La mwisho walikuwa wazee wanne wa vinanda vya nyuzi, wakapiga mpaka mmoja akasinzia na vidole vyake vikaendelea. Ukumbi umefunikwa mashuka, viti vyote vimekunjwa. Meneja amenipa likizo mpaka wafungue tena, na kasema nafasi yangu ipo.

Mwanao nimemwandikia. Sikumtukana. Nilimtaka anijibu kwa maandishi yake mwenyewe, akajibu ukurasa mmoja. Yetu yamekwisha. Nililia kidogo kuliko nilivyotegemea. Nadhani mengi nilishayalia kabla ya kujua nalilia nini. Kuolewa siwazi. Nawaza kulala.

Uliandika kwamba mkwe ni kwa ajili ya mume. Sawa. Basi barua hii hakuandikii mkwe wako, anakuandikia mama wa mjukuu wako, na undugu huo haufutwi na mwanamume yeyote, wa huku wala wa kule kwenye barabara.

Sasa nisikilize, maana nitayasema mara moja. Mtoto atalala ninapolala mimi. Hutamtoa nje ya ua bila kuniambia, hata dukani. Na hutanificha tena jambo linalonihusu, hata ukiona unanionea huruma. Ukiyakubali hayo, kila msimu ukifungwa utakuwa naye mpaka umchoke. Sisemi yote yameisha moyoni. Yapo mengine bado, nayabeba. Lakini nimechoka kubeba na hayo na mtoto na upweke kwa pamoja, na wewe najua hiyo nyumba ilivyo.

Ulikuwa na hofu ataongea lini. Ameanza. Kila mwanamke mwenye mvi akiingia chumbani kwetu anamwita "bibi", kwa sauti, na mikono kanyoosha. Wao wanafurahi sana, wanampa peremende. Mimi nainamisha kichwa, kwa sababu ninajua anamwita nani.

Tunapanda basi la Jumamosi asubuhi. Usihangaike kujibu, jibu halitanikuta. Ukifungua tutaingia. Usipofungua tutakaa mlangoni hapo hapo na mfuko wetu mpaka utoke. Najua mimi nikifika nitasimama tu, mkono hautainuka. Nitaona haya, na majirani watakuwa wananitazama.

Yeye haya hajazijua bado. Nitamweka chini, atagonga.

Mama wa mjukuu wako