Mpira wa Kudonoa

Jumatatu, 16 Juni 2025

Softiboli: kumi na nne kwa tatu, tumeshindwa. Matokeo nayaandika hapa ili nisilazimike kuyasema tena kwa mdomo.

Na si kwamba wasichana wa shule ya Kililana walitupiga mipira mikubwa. Wapi! Walitudonoa. Mpigaji anakuja, anajifanya atapiga kwa nguvu zote, halafu analegeza gongo mbele ya kifua — mpira unaanguka hatua mbili tu mbele yake. Tuf! Yeye huyo, mbio hadi kituo cha kwanza, besi ya kwanza. Wangu wanne wameuzunguka mpira, kila mmoja anamkaribisha mwenzake. "Chukua wewe." "La, chukua wewe." Adabu tupu! Utadhani ni kipande cha mwisho cha nyama kwenye sinia.

Mkuu wetu, Bwana Muhdhar, kaniita ofisini. Kauliza mipira isiyofika hata mlangoni inatushinda vipi. Nikasema ni mbinu, inaitwa banti. Akasema hataki jina lake, anataka dawa yake. Kililana wanakuja kwetu tarehe 28. Tukishindwa tena, saa ya softiboli inakuwa saa ya hesabu za ziada.

Hesabu! Sijawaambia wasichana.

Jumanne, 17 Juni

Nimewachorea ubaoni. Nusra, mdakaji wetu, anachuchumaa nyuma ya mpigaji, pale besi ya nyumbani. Ni yeye tu anayeuona uwanja wote, kwa hiyo ni yeye wa kupaza sauti na kutaja jina na besi ya kutupia. Saadiya wa besi ya tatu na Tima wa besi ya kwanza wanakimbilia mbele, chini chini, mikono miwili. Hawaulizani. Wanasikiliza. Aliyetajwa anachukua, mwingine anapisha. Rahisi.

Rahisi! Mpira wa kwanza, Saadiya na Tima wamegongana vichwa. Nundu mbili, pacha.

Nikamuuliza Nusra mbona hukusema. Alisema, anasema. Ulisema nini?

"Nilisema, Tima, tafadhali."

Tafadhali!!

Alhamisi, 19 Juni

Bado. Nimesimama hatua tatu kutoka kwa Nusra na simsikii.

Mwisho kanieleza. Ni baba yake. Namjua, Bwana Fuad, mshona kofia, mtu wa sauti ndogo hata wateja humwinamia. Hakumkataza kucheza. Ila mara moja alisema hapendi sauti ya binti yake ifike mabarazani kwa watu. Mara moja tu! Kwa Nusra imetosha.

Na uwanja wetu una mabaraza pande mbili.

Nimefikiria kumweka mwingine. Nani? Hakuna mwenye mikono kama yake.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala nimeenda kwao kuzungumza na mama yake, Bi Mwanamkisi. Nimewakuta kwenye shughuli, Jumapili mjomba anaoa. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti kutoka jikoni — kubwa, ya kuamrisha.

"Shifa, vitunguu! Wewe, toka ndiani! Sufuria ya moto hiyo, pisha! Si wewe, yeye!"

Nikadhani ni shangazi fulani mwenye mwili. Nikachungulia. Nusra! Mwiko mkononi, na wanawake wazima sita wanamtii.

Aliponiona akanyamaza, akaniletea kiti.

Bi Mwanamkisi alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Upole wake ni wa nde tu, Mwalimu. Humu ndani twamuogopa sote." Akasema habari ya Bwana Fuad nimwachie yeye. Lakini baada ya harusi, maana kwa sasa kichwani mwake mna mchele kilo themanini na kitu kingine hakiingii.

Nimerudi na bakuli la halua. Mkutano umefaulu.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia Nusra: leo sitaki mdakaji, nataka yule wa jikoni.

"Saadiya! Nyumbani!" "Tima! Kwanza!" Aaah! Mipira minane ya kudonoa, yote minane imeokotwa na kutupwa panapotakiwa. Hakuna tafadhali hata moja.

Kisha wazee wawili wa barazani wakainua vichwa kwenye kahawa yao. Nusra akawaona. Wa tisa na wa kumi tukaipoteza.

Alhamisi, 26 Juni

Bi Mwanamkisi amezungumza na mumewe. Jibu lake: "Nimesikia."

Basi. Ndiyo au la? Hata mkewe hajui, na wameoana miaka ishirini.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika darasani. Mvua imesimamisha mchezo. Naandika mbio, herufi zenyewe kama kuku kapita.

Tulikuwa sita kwa moja! Kililana walidonoa na kudonoa, Nusra akitaja majina mpaka kocha wao akaziba masikio. Kisha, zamu ya mwisho, Bwana Fuad huyo, na kanzu yake, kasimama kwenye kamba ya watazamaji. Nusra kafunga mdomo. Wakadonoa — kimya. Wakadonoa tena na tena — kimya. Sita kwa tano. Aliyetolewa kwao ni mmoja tu, na wana mkimbiaji besi ya tatu. Akifika nyumbani tumelingana.

Ndipo mvua.

Bwana Fuad kaingia humu kujikinga. Nikasimama na maneno yangu ya kuomba radhi. Akanipita. Kaenda mpaka mbele ya binti yake, na darasa zima likazuia pumzi ili limsikie.

"Ule wa mwisho ulikuwa wa Saadiya. Hukuuona?"

"Niliuona, baba."

"Mbona hukumwambia?"

Nusra kamtazama. Mimi nikatazama dari.

"Wale watu wa barazani, baba..."

"Mimi nao tutasemezana," akasema. Akakohoa, akaenda kusimama dirishani, masikio mekundu.

Mvua imekatika. Anayekuja kupiga ni yule mrefu wao, aliyetupigia mpira hadi ukutani. Nimemwambia Saadiya arudi nyuma. Nusra kaja, barakoa mkononi.

"La, Mwalimu. Aje mbele. Huyu atadonoa."

Amejuaje? Anasema mvua yote hiyo alikuwa akimwangalia akijaribu kushika gongo katikati, mshiko wa kudonoa. Mimi nimeona msichana anayekung'uta maji tu. Na akipiga kwa nguvu, Saadiya atakuwa hatua nane kutoka kwake, uso wazi! Nimemuuliza Saadiya mwenyewe. Kasema ataenda anakoambiwa na Nusra. Hata hakunitazama.

Nimesema, "Haya."

Mwamuzi ameita. Niko kwenye benchi, daftari magotini. Yule mrefu ameinua gongo juu ya bega, juu kabisa, mikono yote chini kwenye mpini. Nataka kumrudisha Saadiya. Nusra anapaza sauti, "Mbele! Bado! Mbele!" na Saadiya anasogea, na anasogea —