Benchi la Wajawazito

Kitongoji cha Kwa Mhina,
Korogwe.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Grasiana,

Salamu nyingi sana toka kwa dada yako. Mgongo umepoa? Shemeji Mikaeli hajambo? Sisi huku wazima, mahindi tumevuna ya kutosha.

Nimeshika kalamu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti kubwa, Mpanda nzima inasikia. Hili lisome umekaa. Mwanao Asnath, anayeishi huku kwetu, ana mimba ya miezi saba. Usipige kelele!

Usimkasirikie kwa kukuficha. Baada ya zile mbili kuharibika, aliapa hii hatajua mtu. Hata kliniki alikataa. Benchi la wajawazito lilikuwa barazani mwa zahanati, linatazama barabara. Ukikaa pale asubuhi, jioni kijiji kinakuhesabia miezi.

Sasa sikia ya Yuditha wangu. Ndiye mhudumu wa afya hapa kitongojini, wanakijiji walimchagua wenyewe, wala si kwa kuwa ni mwanangu. Wengine huhubiri tu, njooni kliniki mapema, njooni mapema. Yeye alikaa na kina mama wakipukuchua mahindi, akauliza kinachowazuia. Ndipo Mwanaidi, jirani yetu yule mwenye maneno, akamwambia, "Mnatuanika barazani kama muhogo, halafu mnauliza?"

Yuditha akayapeleka maneno hayo hayo kwenye mkutano wa kijiji, bila kuyapaka sukari. Nesi alinuna, lakini mwishowe alishika mwenyewe ncha moja ya benchi, likahamia nyuma. Wanaume wakazungusha uzio wa mabua. Mwanangu huyo, Grasiana, aliyeishia darasa la saba B!

Wiki hiyo hiyo, Januari, Asnath akaenda, mimba ikiwa ya miezi miwili. Wakamkuta na presha, ile ile iliyomwondolea mtoto wa pili. Sasa anameza dawa, na mtoto anacheza vizuri.

Ila hofu haijamtoka. Hajanunua hata kofia ya mtoto. Juzi kaniambia, "Mama mkubwa, siku hiyo nataka mama awepo." Atajifungulia hospitali, mjini.

Basi njoo mwisho wa Julai. Wakikuuliza stendi, sema umekuja kunisalimia mimi. Wataamini, nani asingesafiri kuniona?

Nisalimie mwanao Deogratius na mkewe Munira. Mungu atangulie mbele ya basi lako.

Dada yako akupendaye,
Rhoda, mama yake Yuditha