Swali Langu Kuhusu Zile Ziro

Jumapili, mchana. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka na hasira zake.

Sasa hivi mwanangu Kabula amejaribu kumvalisha kuku soksi. Nyeupe, mpya kabisa, ya mama yake mdogo Minza ya kuendea sekondari. Kuku kapiga kelele, Kabula naye kapiga kelele, halafu akaja kwangu ananyoosha mguu wake mwenyewe, eti kuku amekataa basi avae yeye. Soksi nimeifua nimeianika. Mtoto nimempakata na kiazi cha kuchemsha mkononi, na wakati anatafuna naandika kwa kidole kimoja.

Shajara yangu, leo nina shukrani mpaka nashindwa nianzie wapi.

Nianzie kwa Minza, maana kuna wanaosoma hapa mtandaoni hawatujui. Minza ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alimtoa kijijini akamleta kwangu hapa Kahama alipoingia darasa la saba. Hakusema sababu na mimi sikuuliza, tulielewana kwa macho. Minza akafaulu. Akapangiwa shule ya kata, sekondari ya serikali, hapa juu tu, ukisimama uani kwetu unayaona mabati yake.

Baba alikubali asome, ila kwa sharti. Siku Minza akirudishwa kutoka shule, kwa sababu yoyote ile, anarudi nyumbani anaolewa. Na si maneno matupu. Kuna watu wameshakuja kuongea, ng'ombe wameshatajwa.

Basi tukiwa bado tunashangilia, Baba mdogo akapiga simu kutoka Shinyanga mjini. Huyu ni mdogo wake baba, ana kazi ya ofisini, na ukoo mzima tukikwama tunamkimbilia yeye. Akasema amempatia Minza nafasi kwenye shule ya bweni, ya binafsi, na kila kitu atalipa yeye. Hiyo ya kata alisema ni shule ya ziro, ya watoto wanaofeli. Akanitumia kwenye simu matokeo ya kidato cha nne ya shule zote mbili nijionee. Kwa madaraja, ya bweni ni wani, wani, tuu, wani, imenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Ya kata ni foo, foo, ziro, ziro, foo, ziro.

Chini yake akaandika: "Matokeo hayadanganyi mwanangu. Jumapili nakuja kumchukua."

Niliyasoma nikajiona mdogo. Mimi niliyeishia la saba nabishana na nani?

Lakini kuna kitu nilikikumbuka.

Mwaka niliofanya mtihani wa la saba, jioni ya kuamkia mtihani baba aliniita kwenye zizi. Hakuwa mkali. Aliongea taratibu huku anamkuna ndama: "Kesho wewe siliba popote tu. Usihangaike kusoma maswali." Darasani kwetu wasichana wengi waliambiwa hivyo hivyo makwao. Ukifaulu, sekondari ni mbali na mahari inachelewa. Ukifeli, hakuna wa kulaumiwa. Kwa hiyo tulikaa pale na penseli zetu tukasiliba vijiduara vya majibu popote. Majibu mengi nilikuwa nayajua. Niliyapita kama mtu anavyompita jirani njiani bila kumsalimia.

Matokeo yalipotoka shule yetu ikawa ya mwisho. Watu wakasema walimu wa pale hawafundishi. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye alikuwa anatubakiza mpaka jua linazama, chaki mpaka kwenye nyusi, alihamishwa. Na alitufundisha jamani. Alitufundisha vizuri sana.

Baba simchukii. Mwaka ule ukame ulikuwa umelaza nusu ya zizi, na mtu akishikwa na hofu anafikiri kwa hofu. Nimeshamsamehe, hata kama hajawahi kuniomba.

Ila tangu hapo, nikiona matokeo ya shule yoyote najiuliza: nani hayupo hapa? Na huyu aliyepo, aliingia kwenye chumba cha mtihani ameambiwa nini nyumbani?

Kwa hiyo Alhamisi nilimfunga Kabula mgongoni nikapanda mpaka shule ya kata. Sikumwambia mtu. Mkuu wa shule ni mama wa makamo, nilimkuta amevaa gambuti anawaelekeza mafundi pa kuziba bati linalovuja.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mama. Umekuja kuandikisha?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kuhusu zile ziro."

Mungu wangu. Nilitamani Kabula alie ili nipate sababu ya kuondoka. Madam akanitazama, akavua miwani, akacheka mpaka mafundi wakageuka.

"Ziro zangu nazijua kwa majina," akasema. "Kaa tuongee."

Akanihadithia. Shule yake inapokea kila mtoto anayepangiwa, hachagui. Mmoja wa waliopata ziro alikuwa anamsaidia mama yake usiku karashani, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, asubuhi anaingia darasani kope zina vumbi. "Alifeli, na mimi niliumia. Lakini alikaa hapa mpaka mtihani wa mwisho. Sasa hivi anasomea ushonaji, anakuja kunisalimia." Nikamuuliza, je, mtoto akianguka kidato cha pili? Akasema anarudia pale pale, yeye hamrudishi mtu nyumbani kwa ajili ya namba. Na hakunificha, mwalimu wa fizikia hana. Hesabu anafundisha mwenyewe, na gambuti zake hizo hizo.

Wakati naondoka akaniambia, "Na hao wa bweni wana walimu wazuri, usiwadharau. Waulize tu, watoto walioanza nao kidato cha kwanza wote walifika kidato cha nne?"

Niliporudi nyumbani nikamrekodia Baba mdogo swali hilo, nikalituma kabla sijaogopa. Akalisikiliza. Kimya. Ijumaa kimya, Jumamosi kimya. Nikasema basi nimemkosea mtu mkubwa, tena anayetaka kutusaidia.

Leo amefika baada ya ibada. Kabula kamsalimia shikamoo mara nyingi mpaka akachoka kuitikia. Nimepika ugali na sato, amekula akamaliza. Amenawa. Ndipo akaniangalia.

"Mama Kabula, swali lako limeninyima usingizi. Niliwapigia. Unajua wamenijibu nini? Tena kwa kujisifu! Eti mwanafunzi asiyefikisha wastani wa shule mwisho wa kidato cha pili, mzazi anashauriwa amhamishe."

"Anashauriwa," nikasema.

"Anashauriwa! Na darasa linalobaki ndilo linalofanya mtihani, ndilo tunaloliona kwenye simu."

Baba Kabula, mume wangu, ni mtu wa machimbo na huwa hakosi neno. Akasema, "Mzee, hata kwetu mtu akitaka kukuuzia duara lake la kuchimbia hakuletei mawe yote ya shimoni. Anakuletea lile lenye nyota za dhahabu."

"Yaani mkwe wangu unafananisha watoto na mawe?"

"Mimi, mzee? Hao ndio wamewachekecha!"

Tukacheka wote, hata yeye. Ila Baba mdogo si mtu wa kukubali kirahisi, na ndiyo maana nampenda. Akanyoosha kidole. "Sikilizeni, na ninyi msijidanganye. Ziro ni ziro. Mtoto hawi daktari kwa maombi kama hana mwalimu wa fizikia." Ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Nilichokuwa nacho mimi ni hofu tu, na hofu si hoja.

Ndipo akafanya jambo ambalo kwetu wanaume hawalifanyi. Akamgeukia Minza, aliyekuwa anakusanya vyombo, akamuuliza: "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Minza akapiga magoti, macho chini, sinia bado mkononi.

"Baba mdogo, hesabu naelewa, ila nachelewa. Wenzangu wakishamaliza ndio mimi naanza kuona. Sasa kule wakisema nihame, nitahamia wapi? Nitahamia kwa baba. Na kwa baba kuna ng'ombe wananisubiri."

Nikampokea sinia. Kabula aliacha kugonga kikombe.

Baba mdogo akajipangusa uso kwa leso, muda mrefu, kama vile jasho limekuwa jingi. Kisha akasema, "Basi utaenda hapo juu kwa madam. Na kila likizo unakuja kwangu Shinyanga. Dada yako, binti yangu, yuko chuo, atakukomalia fizikia mpaka uiote. Ukichelewa kuelewa, tutachelewa wote."

"Wabeja, Baba mdogo," Minza akasema. "Wabeja sana." Ahsante ya Kisukuma inatoka chini kabisa ya tumbo, ile ya Kiswahili sijui kama ingetosha.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Vizuri tu.

Sasa naandika haya nikiwa nimetulia, na nataka niwe mkweli. Sisemi matokeo ni kitu bure. Minza asingefaulu, leo tungekuwa tunaongea habari za mahari na si za fizikia. Na zile ziro za shule ya kata sitaki kuzipaka sukari. Ni watoto wa watu, mmoja mmoja, na sitaki Minza aongezeke humo. Najua itabidi nimwamshe mapema, nimpunguzie kazi za nyumbani, niende kwa madam mara kwa mara hata kama nitaonekana msumbufu. Ila kati ya shule inayong'aa na shule isiyomfukuza, kwa mtoto huyu, kwa baba huyu tuliye naye, nimeona tumechagua sawa. Mtoto mwingine, nyumba nyingine, huenda ningesema tofauti.

Namshukuru Mungu kwa mama yangu aliyemleta Minza bila kueleza. Namshukuru mume wangu aliyeninunulia simu hii akasema andika, nani kakukataza. Namshukuru madam na gambuti zake. Namshukuru Baba mdogo, mtu mzima na kazi yake ofisini, aliyesikiliza swali la binti wa la saba akaenda kuliuliza.

Limebaki moja, na ndilo linalonitia woga. Baba kuambiwa. Yeye alishajua Minza anakwenda bweni, mbali na wavulana, kwenye shule yenye sifa, alikuwa ameanza kulegea. Shule ya kata anaweza kusema ni mzaha, akamwita nyumbani leo leo. Baba mdogo ametoka uani kumpigia. Ameweka simu kwenye spika maana sauti ya baba inafika kidogo, akiongea na simu anaishika mbali kama anashika nyoka.

Namsikia. "Mwadila," wanasalimiana. Mvua huko vipi. Ng'ombe vipi. Mahindi yamefika wapi. Sasa Baba mdogo anamweleza, polepole, anarudia. Shule ya kata. Hapa karibu na dada yake. Ndiyo, ya kata.

Minza amesimama mlangoni ameshika ufagio, hafagii.

Baba anaongea. Anauliza. Jamani, nimesikia vizuri au? Anauliza: "Hiyo shule, matokeo yake yakoje?"

Baba yangu. Matokeo! Baba anauliza matokeo!

Nacheka na machozi yanatoka, Kabula ananishika mashavu anataka kujua kulikoni. Baba mdogo naye anacheka, anamwambia kaka muulize binti yako mkubwa, yeye ndiye aliyekwenda kuiona. Na baba anasema haya, mpe simu. Hajawahi kuniuliza jambo la shule maisha yangu yote, hata moja, na sijui nianze na zile ziro au nianze na madam, lakini sitamficha kitu, nitamwambia, "Baba, matokeo yake ni..."

Naitwa. "Mama Kabula! Njoo upesi, salio litakwisha!" Naja, Baba mdogo, naja, ngoja nimbebe mtoto ni...