Doa Jeusi Kwenye Picha ya Rada

Jumanne, 29 Aprili

Leo nimeiona tufani kabla ya serikali! Gakii, binti wa Kimeru anayesoma picha za satelaiti hapo ofisini ninapolinda, mtaa wa Al Sadd, huku ughaibuni, alinionyesha nilipompandishia mzigo wake. Rada inapenya mawingu, inapiga maji. Palipochafuka panang'aa, palipolala panabaki peusi. Nikaelewa papo hapo — mimi mlinzi kwa jina tu. Darasa la sita langu linashinda digrii zao. Nikakipiga picha kioo cha kompyuta yake kwa simu.

Jumatano, 30 Aprili

Dada yangu Warda kapiga kutoka kisiwani. Majirani wanaikimbia tufani, wanahamia Kilwa kwa boti, yeye na wanawe watatu wafanyeje? Nikaitazama picha. Doa jeusi, duara kama sahani, na mstari umechorwa kutoka hapo hadi kisiwani kwetu. Utulivu wenyewe unakuja! Nikamwambia abaki, awaache waoga watapike botini. Akasema sawa kaka, wewe ndiye unayejua.

Chumbani kwetu, mtaa wa Najma, nikawasimulia wenzangu. Trevor wa Kampala kaniita profesa wa geti. Wivu.

Alhamisi, 1 Mei

Saa nne asubuhi Gakii kaiona picha kwenye simu yangu. Akauliza kwetu wapi. Nikaweka kidole.

"Uncle, hiyo nyeusi ni jicho la tufani. Ukuta unaolizunguka ndio unaua. Na hiyo laini ndiyo njia yake. Watu wenu wametoka?"

"Kitambo," nikasema.

Boti ya mwisho saa nane. Nilikuwa na simu mkononi. Lakini niseme nimekosea? Mimi, taa ya ukoo mzima? Nikasema nisubiri picha mpya, pengine limepinda. Nikapiga saa tisa. Nikamwambia afunge madirisha, kutakuwa na kaupepo. Akacheka kidogo — ufuoni wamebaki wao na mbuzi.

Ijumaa, 2 Mei

Warda hapatikani tangu alfajiri. Gakii katuma picha mpya: maji yote kukizunguka kisiwa yanang'aa kama bati jipya.

Baada ya swala Salim, mwenzetu wa chumbani, kauliza habari za dada. Nikasema nilimtoa Jumatano, mimi mwenyewe, kwa rada. Chumba kizima kikanipa mkono. Trevor kaomba radhi. Sasa wanataka nimpigie, wampe pole ya safari. Wamenisogezea simu, wamewasha spika. Nimewaambia wangoje nimalize kuandika. Wameketi wote, wanaitazama kalamu yangu.