Ukurasa wa DNA niliomwandikia Gasto

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye meno. Nimerudi Mwankoko kutoka Kinyangiri, hata nguo sijabadilisha. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni dharau.

Namdharau Gasto. Niandike hivyo hivyo, wazi.

Tulisoma naye chuo. Aliacha mwaka wa pili, na sasa anavaa koti jeupe anazunguka minadani akiuza maji ya kahawia kwenye chupa. Watu wanamwita daktari, naye anaitika. Mtu aliyeshindwa kusawazisha mlinganyo wa kidato cha tatu anaitwa daktari na anaitika bila hata kupepesa macho.

Miezi michache iliyopita alinifuata shuleni ninakofundisha kemia. Alitaka maelezo mafupi, kwa Kiswahili chepesi, ya jinsi sumukuvu inavyoharibu DNA. Nilimwandikia ukurasa mzima. Nilieleza kwamba kuvu wa kwenye karanga na mahindi huacha sumu, na kwamba ini, katika kujaribu kuiondoa sumu hiyo, huigeuza kwanza kuwa kitu kikali zaidi. Kitu hicho hunata kwenye guanini, moja ya zile herufi nne za DNA. Herufi iliyoharibika inaweza kung'oka ikaacha pengo, na seli inapojinakili ikaweka herufi isiyo sahihi mahali pake. Makosa hayo yakirundikana kwa miaka, saratani ya ini inaweza kuanza. Nikamalizia kwamba mwili wenyewe hurekebisha mengi ya makosa hayo, ila si yote.

Ulikuwa ukurasa mzuri. Niliusoma mara tatu kwa kujipenda.

Leo nilikwenda Kinyangiri kumsalimia mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimkuta uani anamenya karanga. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumsaidia. Ndipo nikaona anatia kila kitu kwenye beseni moja: nzima, zilizosinyaa, na zenye ukungu wa kijani.

"Mama, hizi si huwa tunatupa?"

"Tulikuwa tunatupa," alisema. "Siku hizi kuna dawa. Mavuno yenyewe unayaona. Mbovu nazitwanga za uji, nzuri nauza."

Uji ni wa mjukuu wake, ambaye hajafika hata umri wa kuanza chekechea.

Akaingia ndani akatoka na chupa ya Gasto na kipeperushi. Nilianza kukisoma. Lilikuwa ini langu, guanini yangu, pengo langu, neno kwa neno. Gasto alikuwa amefuta maneno matatu, "ila si yote", na kuongeza sentensi moja tu mwishoni: kwamba vijiko viwili vya dawa yake kila asubuhi hurudisha herufi zote mahali pake, hata kwa anayekula karanga zenye ukungu.

Nilimwambia ni uongo. Hakuna kinywaji kinachorudisha herufi, na kuchemsha uji hakuimalizi sumu hiyo. Mama mdogo alinitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake.

"Wewe unafundisha watoto, mwanangu. Aliyeandika hii ni mtaalamu. Soma uone anavyoeleza."

"Niliyeandika ni mimi."

Akaendelea kumenya karanga mbili, tatu. Kisha akauliza, "Na haya ya mwisho?"

"Ya mwisho si yangu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Nilitoka nyuma ya nyumba nikampigia Gasto. Alicheka. "Sayansi si ni ya kwako? Umesema mwenyewe mwili unarekebisha. Mimi nimeusaidia tu." Nikamwambia kuna mtoto anapewa uji wa karanga mbovu kwa sababu ya karatasi yake. Akasema kila dawa ina watu wanaoitumia vibaya, akakata simu.

Nimlaani Gasto hadi kesho, lakini kuna jambo lazima niliandike hapa. Kile kipeperushi nilishakiona kabla hakijachapishwa. Alinitumia kwenye simu. Niliiona chupa, niliiona ile sentensi. Kilichoniudhi siku ile ni kwamba hakuweka jina langu.

Nikanuna. Nikanyamaza. Basi.

Yeye ni tapeli na hajui kemia. Mimi naijua.

Niliporudi uani, mama mdogo alikuwa ameshamwaga beseni lote kwenye mkeka. Tukachambua pamoja, mbovu tukazifukia shimoni ili hata kuku wasizile. Kisha akajifunga khanga akasema niandamane naye, maana dawa ile alikuwa ameisifia kwa majirani. Wanawake saba walikusanyika uani kwa jirani yake. Nilidhani atasema yeye. Akanisukuma mbele.

Nikasema yote, hata kwamba kipeperushi nilishakiona kwenye simu nikanyamaza. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, aliuliza, "Na tulizokwisha kula?"

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia mwili hurekebisha mengi, wala kula siku chache hakumaanishi mtu ataugua, lakini hakuna anayeweza kumpimia kilichobaki. La kufanya ni kuacha leo. Akaitikia kwa kichwa, akamkaza mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Mama mdogo alinisindikiza hadi barabarani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ukurasa ulikuwa mzuri kweli," na sauti yake haikuwa ya kunisifu.

Jumatatu kabla ya vipindi nitapita kwa afisa afya nikiwa na chupa na kipeperushi. Ataniuliza maelezo haya ya kitaalamu yametoka wapi. Mkuu wa shule atasikia, wanafunzi watasikia, na Gasto atasema tulikuwa pamoja.

Atakuwa amesema kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nitakwenda hivyo hivyo.