Filamu Nisizojua Lugha Zake

Mjukuu wangu Zuhura,

Hujambo huko Dodoma? Hapa Nkowe tu wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Umeniuliza kwa nini napenda filamu za vichekesho vya vijiji vya ng'ambo, ilhali lugha zao sizijui.

Nilipokuwa msichana, tukiishi kijijini Nachingwea, baba yangu na jirani yetu Mzee Chilumba hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Jioni moja likaja gari la sinema. Filamu ilikuwa ya Kizungu. Wazee wawili, mmoja mwenye kofia na mwingine mwenye kitambi, waligombania mbuzi, naye mbuzi akawa anaitafuna ile kofia.

Baba akasema kwa sauti, "Chilumba, mwenye kofia ni wewe."



"Basi mwenye kitambi ni wewe," Mzee Chilumba akajibu.

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kesho yake walipanda ua wa minyaa mpakani, wakisaidiana.

Mtu wa kijijini namwelewa, mjukuu wangu, aseme lugha yoyote. Ukija likizo tutaangalia pamoja, ila usinitafsirie.

Bibi yako anayekupenda,
Somoe